Vizibo Kwenye Msumari

Neema wa karakana ameniomba mara tatu niwaandikie ninyi wenzake, na mara zote tatu nilimjibu kwamba kila kitu kimo kwenye maelezo ya programu. Si kweli. Kwenye maelezo niliandika kinachofanyika tu. Sikuandika kwa nini naliogopa neno "zima". Sasa nimestaafu, nipo Mkolani na kuku wangu, na kisingizio cha kazi sina tena. Habari za vyeo na mishahara watawasimulia wanaozipenda. Mimi nitaandika juu ya umeme na juu ya woga, maana kwangu vitu hivyo viwili vimekaa nyumba moja miaka yote.

Nilifika karakana yetu ya Mkuyuni nikiwa na miaka arobaini na minne. Nilikuwa mwalimu wa fizikia niliyechoka kusahihisha madaftari, nikajifunza kuandika programu kwa ukaidi tu. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, jambo ambalo sikulirudia. Aliyenipokea ni Mzee Magesa, fundi redio mzaliwa wa visiwa vya ziwani, mtu mfupi, mwepesi wa hasira, miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba upande mmoja. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye pasi ya lehemu. Kisha akaniwekea mkononi kizibo cha soda kilichotobolewa katikati.

"Hiki chako, mwalimu. Ukiingia ndani kitundike kwenye msumari ule. Ukitoka, kichukue."

"Cha nini, Mzee?"

"Cha kukuweka hai."

Msumari wenyewe mnaujua, upo mpaka leo pembeni ya swichi kuu, karibu na mlango. Enzi hizo chumba cha nyuma hakikuwa na dirisha hata moja, na humo ndimo tulimotengenezea bodi zetu za vifaa vya umeme, kwenye beseni la dawa inayokula shaba, chini ya feni ya kuvuta mvuke. Miaka kabla sijaja, mtu mmoja alifunga kazi, akazima swichi kuu, akaenda zake nyumbani. Mzee Magesa alikuwa bado ndani na beseni mikononi. Giza lilimkuta hapohapo, dawa ikammwagikia mkononi. Kovu lililompanda kutoka kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko mlikuwa mkiliona kila akikunja mikono ya shati. Baada ya hapo ndipo alipoweka sheria ya vizibo: kila aliye ndani ana kizibo msumarini, na swichi inazimwa na yule anayeondoa kizibo cha mwisho. Tena hazimi hivihivi. Kwanza anaita, "Kuna mtu ndani?" halafu anahesabu mpaka kumi.

Nilidhani ni mbwembwe za mafundi. Wiki ileile nikaanza kusoma namna mfumo endeshi wa kompyuta unavyogawa umeme kwa vifaa vilivyounganishwa nao, nikakuta vizibo vilevile. Kila kifaa kina draiva yake, yaani programu ndogo inayouonyesha mfumo namna ya kukiamsha, kuongea nacho na kukilaza. Vifaa viwili vikitumia njia moja ya umeme, draiva haina ruhusa ya kukata umeme huo kwa kuwa tu kifaa chake kimemaliza kazi. Inasema, "Mimi nimetoka." Mfumo unapunguza hesabu kwa moja. Hesabu ikifika sifuri, hapo ndipo umeme unakatwa. Nilimwonyesha Mzee Magesa ukurasa ule kwa furaha. Akautazama, akanirudishia.

"Kwa hiyo wamesoma sana wakafika hapa nilipo," akasema, akaendelea na lehemu yake.

Yeye ndiye aliyenifundisha mengine ambayo nanyi mmeyapata kwangu. Kifaa ukishakipa umeme, usikiulize kitu papo hapo. Mpe muda anawe uso, kama mtu aliyeamka. Wakati wa kulaza, nyamazisha mazungumzo kwanza, kisha ndipo ukate, wala usimwondolee mtu kiti akiwa amekaa. Na usiamini taa. Taa inakwambia umeme umefika kwenye taa. Kama unataka kujua umeme umefika kwenye kifaa, shika mita ukapime kwenye mguu wa kifaa chenyewe.

Kazi yetu kubwa, kama mjuavyo, ilikuwa visanduku vya usalama vya boti za abiria. Kisanduku cha wakati ule kilikuwa na bodi ya kompyuta, betri moja, na vifaa viwili. Cha kwanza ni redio, inayotuma mahali boti ilipo kila baada ya dakika chache. Cha pili ni kihisi maji, kinachokaa chini kabisa ya boti. Kihisi kinalala wakati wote boti ikiwa kavu. Maji yakikigusa kinaamka, kinapima kina, kinatoa taarifa, kinalala tena. Vifaa vyote viwili tulivilisha kwa njia moja ya umeme, kwa sababu bodi ilikuwa ndogo na sisi tulikuwa na haraka.

Masika moja malalamiko yakaanza. Boti ikilowa mara moja tu, betri haimalizi siku ya pili. Watu wa chumba cha uangalizi kule mwaloni, ufukweni zinakotia nanga boti, wanaotazama boti zote kwenye skrini na kutuma boti ya uokoaji inapobidi, wakaanza kuzoea ukimya. Alama ya boti ikipotea walisema, "Kimelala hicho," wakaendelea na chai. Mkuu wao alikuwa Mashaka, nahodha wa zamani, mtu mwema mwenye sauti ya upole. Neno lile, kimelala, lilinitisha hata kabla sijajua kosa liko wapi. Kisanduku cha usalama kikizoeleka kwa kunyamaza, ni heri kisingekuwepo.

Nikafungua kisanduku kimoja, nikapima. Kihisi kilikuwa cha moto saa nzima baada ya kumaliza kazi, maana umeme haukatwi. Nikatazama hesabu ya watumiaji wa njia ile, nikakuta moja. Kihisi kimeshatoka, na hesabu bado ni moja.

Hapa naomba mnisome taratibu. Mtu mwingine yeyote angeuliza, huyu mmoja ni nani? Mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeishi na msumari ule kwa miaka. Kila wiki kulikuwa na kizibo kimoja kilichosahauliwa. Mtu amekwenda nyumbani, anakula ugali wake na sato, kizibo chake kinaning'inia karakanani. Sisi tuliobaki tuliangaliana, tukasema, "Cha Fulani hicho, ameshaondoka," tukazima. Mzee Magesa asipokuwepo hatukuita wala kuhesabu. Kwa hiyo nilipoiona moja ile kwenye skrini, niliiona kama kizibo cha mtu aliyekwisha kuondoka. Nikaandika kwenye draiva ya kihisi amri ya kukata umeme kwa nguvu, bila kujali hesabu.

Yule mmoja alikuwa redio.

Niliijaribu programu hiyo kabla ya kuisambaza, sikuwa mzembe kiasi hicho. Kwenye bodi yetu ya majaribio nilichovya kihisi kwenye kikombe cha maji, kikaamka, kikapima, kikalala. Redio ikaendelea kuongea vizuri kabisa. Nikachovya mara ishirini. Nikaridhika, nikaweka programu mpya kwenye visanduku saba. Wiki nzima ilikuwa ya jua, hakuna boti iliyolowa, hakuna kilicholalamikiwa, nami nilitembea karakanani kifua mbele.

Ijumaa ya wiki ile Mzee Magesa aliomba ruhusa kwenda kisiwani kwao kumwona dada yake aliyekuwa mgonjwa. Aliondoka na boti ya mchana, iliyobeba kisanduku namba tano. Watu tisa, pamoja na nahodha. Alichukua kizibo chake msumarini, akakitia mfukoni, akaniambia nisiguse pasi yake.

Kwenye saa tisa alasiri upepo ulibadilika. Mabati ya jirani yalianza kupiga kelele, vumbi likaja, halafu mvua ya mawe madogo. Nilifungua skrini ya boti, nikaiona namba tano katikati ya maji, mbali na pande zote mbili. Alama ikasogea kidogo. Ikasogea tena. Kisha ikapotea.

Nilijiambia ni betri. Nikanywa maji. Nikajiambia tena. Nikaivuta bodi ya majaribio ili nifanye kitu na mikono yangu, nikaigeuza chali, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nyuma yake kulikuwa na kipande cha waya mwekundu, urefu wa kucha, kimelehemiwa vizuri kwa mkono ninaoujua. Kilitoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye njia ya redio na kihisi. Imepigwa dairekti, kama mafundi wasemavyo. Mzee Magesa alikuwa ameifanya hivyo zamani, umeme ulipokuwa unakatika ovyo mtaani, ili majaribio yasikwame. Kwa bodi ile, hata ningeamuru umeme ukatwe mara elfu, redio isingezimika.

Mambo yote yakajipanga yenyewe, na sikuweza kuyazuia. Kisanduku namba tano hakina waya ule. Kihisi cha namba tano hakiamki ila maji yakiingia. Kikishapima kinalala, na kikilala kinaizima redio kabla haijatuma neno. Nilikuwa nimetengeneza kisanduku kinachonyamaza wakati uleule boti inapojaa maji. Na aliyekuwa ndani ya boti hiyo ni mtu aliyenipa kizibo siku ya kwanza.

Niliogopa mambo mawili, na naona aibu kusema kwamba nilianza na lile dogo. Niliogopa kujulikana. Nilikaa na simu mkononi, nadhani dakika mbili, nikitunga maneno ya kuwafanya waende bila mimi kusema nimefanya nini. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini safari hii kifo kingekuwa cha wengine. Nikapiga.

"Nahodha Mashaka, namba tano imepotea. Tumeni boti."

"Nimeona, dada Kulwa. Kimelala hicho. Wiki iliyopita vililala vinne. Na upepo huu siwezi kuwatoa vijana kwa sababu ya betri."

"Si betri."

"Unajuaje?"

"Mimi ndiye niliyekizima. Niliandika vibaya. Kikiingia maji kinazima redio. Ukimya huu ndiyo maji yenyewe, nahodha."

Nilisikia mvua upande wake.

"Visanduku vingapi umeviweka hivyo?"

"Saba. Sita vingine viko nchi kavu. Na Mzee Magesa yumo kwenye boti ya namba tano."

"Haya," akasema. Hakunigombeza. Nilisikia akiita majina ya watu, kisha simu ikakatika.

Sijui kueleza muda uliofuata. Nilisimama, nikaketi. Nilimpigia Mzee Magesa mara nyingi, na kila mara sauti ya yule dada wa mtandao iliniambia nijaribu baadaye. Mashaka alikuwa amekwenda mwenyewe na boti ya uokoaji. Alipopiga, sauti yake ilimezwa na injini. "Tumefika pale alama ilipoishia. Hakuna kitu. Mawimbi yanatusukuma. Nitazunguka kidogo, kisha sina budi kurudi, dada, nina vijana wanne humu."

Nikamwambia ndiyo.

Hapo alama ya namba tano ikawaka kwenye skrini. Si pale. Mbali, upande wa kusini. Nikamsomea Mashaka mahali ilipo mara mbili. Kabla sijamaliza mara ya pili ikazimika.

"Imezimika tena," nikasema.

"Basi inacheza hiyo. Maji yameingia kwenye nyaya. Nikienda kusini kwa alama ya namna hiyo nitatupoteza sisi pia."

Nilitazama saa ya ukutani. Sikuwa na sababu, macho tu yalitafuta mahali pa kukaa. Dakika tano baadaye namba tano ikawaka. Ikazimika. Dakika tano tena, ikawaka, ikazimika. Nyaya zenye maji hazijui saa.

"Nahodha, usirudi. Kuna mkono wa mtu pale."

"Unasemaje?"

"Mzee amefungua kisanduku, amepiga dairekti. Anawasha redio, inaita jina na mahali, anazima ili betri isiishe. Anahesabu. Huyo ni Magesa, nahodha. Nenda kusini. Atawasha tena saa kumi na dakika thelathini na tano."

Nilimsikia Mashaka akiwaagiza vijana waelekee kusini. "Asipowasha nageuza," akasema.

Saa kumi na dakika thelathini na tano haikuwaka. Nilikuwa peke yangu karakanani na nilipiga magoti, mimi ambaye kanisani huwa naketi nyuma. Thelathini na sita ikawaka, hafifu, mara moja tu. Haikuwaka tena siku ile. Lakini kwa mara hiyo moja Mashaka alikuwa karibu kiasi cha kuona shati jekundu likipungwa juu ya mawimbi.

Walirudi wote tisa. Boti yao ilikuwa imekaa majini kama beseni, injini imekufa, abiria wanateka maji kwa ndoo na kwa viatu. Nilikwenda mwaloni na khanga mbili na chupa ya chai. Mzee Magesa alikuwa ameketi kwenye kreti la samaki, anatetemeka, vidole vyake viwili vimeungua kwenye ncha kwa cheche. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilipofika kwake nililia tu.

"Nilijua," akasema. "Maji yalipogusa kihisi, redio ikafa palepale. Nikasema, huu ni mkono wa mwalimu. Umezima bila kuita."

"Nisamehe, Mzee."

"Waya niliouacha kwenye bodi, ulikudanganya?"

"Ulinidanganya."

"Basi tuko wawili." Akanywa chai. "Nilitumia kizibo. Nilikikunja, nikakibana kati ya miguu miwili ya chuma kwenye bodi. Bati hilo. Waya sikuwa nao." Akafungua kiganja, akanionyesha kizibo chake kilichokunjwa, cheusi kwa moto. "Dakika moja ile ya mwisho nilichelewa kwa sababu kilinidondoka majini. Nilikipapasa chini ya miguu ya watu."

Siku iliyofuata niliondoa amri ile kwenye visanduku vyote, nikatenganisha njia za umeme, na kwa mikono yangu nikang'oa waya mwekundu kwenye bodi ya majaribio. Tangu hapo nimeandika draiva nyingi. Watu walinisifu kwa uangalifu. Haukuwa uangalifu. Nilikuwa mtu mwenye hofu ambaye alipata kazi inayoihitaji. Kila hesabu ilipoonyesha moja nisiyoijua, nilimtafuta yule mmoja mpaka nimpate, hata kama ni siku tatu.

Sasa niwaambie jambo moja ambalo hamkuliona siku ya kuniaga. Mnakumbuka mlivyopika pilau, na Mzee Magesa akavuka kutoka kisiwani, fimbo mkononi, akalalamika kwamba nyama ni ngumu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeitazama alama ya boti yake kwenye skrini tangu ilipoanza hadi ilipotia nanga, na mlidhani nafanya kazi. Jioni jua likiwa bado juu, mkatoka wote nje kwa picha. Kwenye msumari kikabaki kizibo kimoja. Kilikuwa changu. Mlinisubiri nikichukue, na nilichelewa, Neema akadhani ni uchungu wa kuondoka. Haukuwa uchungu. Niliogopa. Nilijiuliza, nikishakitoa mimi, nani atamtafuta yule mmoja?

"Kitoe tuondoke, mwalimu, miguu inaniuma," akasema Mzee Magesa.

Nikakitoa. Msumari ukawa mtupu kabisa. Tuliokuwa nje tulijihesabu, tukawa kamili, wote wenye vizibo. Kuzima kulikuwa zamu yangu, nikamwachia Neema, akaweka mkono kwenye swichi kuu. Kila mmoja alikuwa amechoka, na picha ilikuwa inasubiri, na mimi nilisema moyoni, azime tu leo.

Neema akageuza uso ndani. "Kuna mtu ndani?"

Kimya. Akaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Mmoja wenu akacheka. Alipofika saba, sauti ikatoka chumba cha nyuma, ya yule mama tuliyemkodi apike pilau, ambaye hakuna aliyekumbuka kumpa kizibo.

"Nipo, wanangu. Naosha sufuria."

Mkacheka sana. Mimi niliketi kwenye ngazi, na Mzee Magesa akaketi kando yangu. Neema alikuwa ameshaondoa mkono kwenye swichi, amesimama mlangoni, anamsubiri mama amalize.